Dalali Si Wakili: Mazungumzo na Wanaonunua Nyumba Uingereza

Assalaam alaykum, na wengine wote hamjambo. Mwenyekiti, asante kwa kunikaribisha. Waliokuja na watoto wasihangaike kuwanyamazisha, nimezoea.

Nimeombwa nizungumzie mawakili wa nyumba, na nitazungumzia England na Wales tu. Scotland wana sheria zao na mawakili wao, na hata hatua za kununua hazifanani na zetu. Mwenye ndugu Glasgow asimtumie rekodi ya leo akadhani amemsaidia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Solisita gani rahisi?" Bei nitaifikia. Tuanze na kazi anayolipwa kuifanya, kwa sababu wengi wetu tunamchukulia kama karani tu. Dalali keshapata nyumba, benki ishakubali mogeji, yaani mkopo wa nyumba, kimebaki kupitisha makaratasi. Jamani, hapana. Dalali analipwa na muuzaji, naye anataka biashara iishe. Mshauri wa mogeji mara nyingi haoni kamisheni yake mpaka mkopo utoke. Muuzaji anataka pesa zake. Ukimtoa mkaguzi wa majengo, mtu pekee unayemlipa ili aweze kukwambia "nyumba hii usiinunue" ni wakili wako. Na neno hilo lina faida kabla ya siku ya kubadilishana mikataba tu. Kabla ya siku hiyo unaweza kujitoa, ukapoteza gharama za wakili na za mkaguzi, yakaisha. Baada yake umefungwa. Ukijitoa, arubuni inakwenda, na kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Kwenye nyumba ya paundi 280,000 hizo ni paundi 28,000. Kwa hiyo wakili anayekukimbiza ufike siku hiyo bila maswali hajakusaidia kitu, awe mcheshi namna gani kwenye simu.

Sasa kumtafuta. Wanaoruhusiwa kufanya kazi hii kwa malipo ni hasa wa aina mbili. Kuna masolisita, ambao wako chini ya Solicitors Regulation Authority, yaani SRA. Na kuna wataalamu wa uhamishaji wa nyumba wenye leseni, walio chini ya Council for Licensed Conveyancers. Hawa wa pili walifunguliwa mlango na sheria ya mwaka 1985. Zamani ilikuwa shamba la masolisita peke yao. Wote wanafaa. Asiyefaa ni yule ambaye jina lake halimo kwenye rejista ya wasimamizi hao. Ingia kwenye tovuti yao, andika jina la ofisi, kisha linganisha anwani na namba ya simu na zile ulizopewa. Matapeli huiba jina la ofisi ya kweli wakabadilisha namba tu.

Dalali atakwambia, "Tuna mawakili wetu wazuri, wanajua kazi yetu." Muulize analipwa kiasi gani kwa kukupeleka huko. Ada ya kumpeleka mteja ipo, ni halali, na ni haki yako kuambiwa. Sisemi kila wakili wa dalali ni mbovu. Ila hulazimishwi, na dalali anayekutisha kwamba ofa yako haitapokelewa usipomtumia wakili wake anavunja kanuni za kazi yake mwenyewe. Kwenye nyumba mpya ni hivyo hivyo. Mjenzi anakupa siku 28 za kubadilishana mikataba na orodha ya mawakili anaowafahamu. Siku hizo 28 kajipangia yeye, kwa ajili ya hesabu zake.

Ukipiga simu ofisini, usianze na bei. Uliza ni nani hasa atakayeshika faili lako, umwite kwa jina, na akienda likizo anabaki nalo nani. Kuna ofisi ambako unapokelewa na mtu wa mauzo mwenye sauti tamu, kisha faili linashukia chumba cha watu waliozidiwa na mafaili, na kila ukipiga unaanza hadithi upya. Uliza kama wamo kwenye orodha ya benki inayokukopesha, maana kwa kawaida wakili mmoja anakuwakilisha wewe na benki kwa pamoja. Asipokuwemo, utalipia wa pili.

Uliza pia kama wamewahi kufanya ununuzi wa aina yako. Hili nawaambia hasa wanaokimbia riba. Ukinunua kupitia benki ya Kiislamu, benki inanunua nawe kwa ubia, halafu unakuwa na mkataba wa pango juu ya fungu lake. Tangu sheria ya fedha ya mwaka 2003, ununuzi wa namna hii hautozwi ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba, mara mbili, na hilo lilikuwa kero kubwa. Lakini makaratasi ni mengi kuliko ya mogeji ya kawaida, na wakili ambaye hajawahi kuyaona atakuja kujifunza kwenye faili lako.

Haya, bei. Tangu Desemba 2018 SRA inazitaka ofisi zitangaze bei za kazi ya nyumba kwenye tovuti zao. Usisome namba ya kwanza tu. Omba hesabu nzima kwa maandishi: ada, VAT ya asilimia 20 juu yake, gharama za uchunguzi, malipo ya Masjala ya Ardhi, malipo ya kutuma pesa, nyongeza ikiwa nyumba ni lizihodi (unanunua miaka tu, si ardhi), nyongeza ikiwa sehemu ya pesa ni zawadi. Baada ya kujumlisha ndipo utajua nani rahisi.

Nije kwenye jambo linalokwamisha mafaili ya watu wetu kuliko lingine lolote. Pesa imetoka wapi?

Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakasishaji wa fedha zinamtaka wakili ajue. Hakudharau, na hakuulizi kwa sababu ya jina lako. Sasa angalieni tunavyoishi sisi. Mko watu 12 kwenye kijumbe, kila mtu paundi 500 kwa mwezi. Zamu yako ikifika, taarifa yako ya benki inaonyesha paundi 5,500 zimeingia ndani ya siku mbili kutoka kwa watu 11 wenye majina tofauti, na mmoja kaandika "mambo yetu yale" kwenye sehemu ya maelezo. Kwa macho ya mtu asiyejua upatu, hiyo inanuka. Na aliyepokea taslimu mkononi ana kazi kubwa zaidi ya kujieleza.

Dawa yake ni karatasi moja, uiandike kabla hujaulizwa. Weka majina ya wanachama, kiasi, mwezi ulioanza na zamu ya kila mmoja. Kisha mwonyeshe wakili zile paundi 500 zinazotoka kwako kila mwezi, tarehe ile ile. Hizo zinazotoka ndizo ushahidi wako wenye nguvu, kwa sababu zinaonyesha ulichopokea ni akiba yako mwenyewe iliyokuwa ikizunguka. Shangazi akikusaidia, atatakiwa aandike kwamba ni zawadi, hadai kurudishiwa na hadai fungu kwenye nyumba, na atoe kitambulisho na taarifa ya benki yake. Mwambieni mapema, maana kuna mashangazi ambao kuombwa taarifa ya benki ni ugomvi wa miaka mitatu. Uliyeuza kiwanja Kigamboni, lete mkataba wa mauziano na ushahidi wa benki pesa zilipoingia, na ukiwa wa Kiswahili upelekwe kwa mtafsiri anayetambulika. Tafadhali sana usizipitishe kwenye akaunti za marafiki watatu ili ziingie kidogo kidogo. Pesa safi inachafuka kwa njia hiyo hiyo.

Na ikitokea wakili amekuwa mzito kujibu katikati ya maswali haya, usimshambulie msichana wa mapokezi. Kuna wakati sheria ya mali za uhalifu ya mwaka 2002 inamlazimu kutoa taarifa kwa mamlaka, na sheria hiyo hiyo inamkataza kukwambia kwamba ametoa.

Ukweli mwingine anaouhitaji ni kuhusu nyumba za kwetu. Chukueni watu watatu wanaonunua mtaa mmoja England, kila nyumba paundi 280,000, kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025. Wa kwanza hajawahi kumiliki nyumba popote duniani. Ushuru wake wa stempu ni sifuri. Wa pili aliwahi kuwa na nyumba, akaiuza. Analipa paundi 4,000. Wa tatu ana nyumba yake Mombasa yenye thamani inayozidi paundi 40,000 na wala haiuzi. Analipa paundi 18,000, kwa sababu juu ya zile 4,000 kuna nyongeza ya asilimia 5 ya bei yote.

Popote duniani, nimesema. Wakili anauliza, "Umewahi kumiliki nyumba?" nasi tunajibu "sijawahi", tukifikiria hapa Uingereza. Fungu ulilorithi kwenye nyumba ya babu Tanga linaweza kukutoa kwenye kundi la kwanza, ingawa kwenye ile nyongeza kuna misamaha inayohusu urithi. Kiwanja kitupu kina hukumu yake nyingine. Mke na mume kwa kawaida wanaangaliwa pamoja, kwa hiyo nyumba ya mume Mombasa ni habari ya mke pia. Wewe mwambie wakili kila kitu, yeye ndiye apambanue. Jibu lako linaingia kwenye fomu ya HMRC, yaani mamlaka ya kodi, na anayewajibika kwa fomu hiyo ni wewe. Walioko Wales wana ushuru wao tangu 2018, na huko mnunuzi wa kwanza hana msamaha wake maalumu.

Wakili wako hataiona nyumba. Watu hushangaa nikiwaambia hivi. Anafanya kazi na makaratasi, pengine yuko maili 200 kutoka hapo. Kwa hiyo macho ni yako. Atakutumia ramani ya hati, karatasi moja yenye mstari mwekundu kuzunguka eneo. Ichapishe, nenda nayo Jumamosi asubuhi usimame bustanini. Ua uko pale mstari ulipo, au umesogea? Banda la baiskeli limo ndani? Ile sehemu ya gari ambayo dalali alisema "inakuja na nyumba" imezungushiwa mstari, au ni ya barabara? Je, jirani anapitisha mapipa yake ya taka nyuma ya jiko lako? Chumba kilichoongezwa nyuma kina kibali cha ujenzi? Kila kisichofanana na karatasi mwandikie wakili kwa barua pepe, pamoja na picha. Wakili mzuri atashukuru. Anayekujibu "usijali" bila kuuliza zaidi, mimi ningemtilia shaka.

Uchunguzi wa halmashauri nao una mpaka wake. Unahusu nyumba yako. Haukwambii kwamba uwanja wa ng'ambo umeombewa kibali cha maghorofa. Hilo unalitazama mwenyewe kwenye ukurasa wa mipango wa halmashauri, ni bure. Kuna uchunguzi wa maji na mifereji, wa mazingira na mafuriko, na wa migodi ya makaa kwa maeneo yenye historia hiyo. Kuna hata wa paa la kanisa, na msicheke. Kijiji cha Aston Cantlow, Warwickshire, wenye shamba walidaiwa matengenezo ya kanisa la parokia kwa sababu ya haki ya zamani iliyong'ang'ania ardhi yao. Wakapigana mpaka Bunge la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na mwaka 2003 wakashindwa. Bili ilipita paundi 180,000. Tangu Oktoba 2013 haki kama hiyo isipokuwa imesajiliwa kwa kawaida haimshiki mnunuzi mpya, lakini mawakili bado wanaiulizia. Ukiona mstari wa kanisa kwenye bili yako nawe ni muumini wa msikiti, ndiyo sababu.

Wengi wetu tunaanza na fleti, na fleti hapa karibu zote ni lizihodi. Unanunua miaka, na ardhi na jengo vinabaki kwa mtu mwingine. Muulize wakili mambo matatu, akujibu kwa maandishi: imebaki miaka mingapi, gharama za huduma zilikuwa kiasi gani miaka iliyopita, na kodi ya ardhi inapanda vipi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoumiza watu. Mkataba unasema kodi ni paundi 250 kwa mwaka, na inajirudia maradufu kila baada ya miaka 10. Mtu akisoma haraka anaona 250, anatabasamu. Piga hesabu: baada ya miaka 10 ni 500, miaka 20 ni 1,000, miaka 30 ni 2,000, miaka 40 ni 4,000, miaka 50 ni 8,000. Hapo mwanao anataka kuuza, na hakuna benki itakayomkopesha mnunuzi. Mikataba mipya mingi iliyotolewa tangu tarehe 30 Juni 2022 hairuhusiwi kuwa na kodi ya namna hii, ila fleti utakayonunua huenda mkataba wake ni wa zamani. Miaka ikikaribia 80 kushuka chini, simamisha kila kitu mpaka wakili akueleze gharama za kuongeza. Sheria ya mwaka 2024 imeanza kubadilisha mambo haya kwa awamu, kwa hiyo muulize awamu ipi inafanya kazi leo. Usichukue jibu la WhatsApp.

Wanaonunua wawili, nisikilizeni. Kuna swali mtakaloulizwa kwenye fomu, na watu wengi hulipitia mbio. Mnamiliki kwa pamoja bila kugawanya, au kila mmoja ana fungu lake? Mkichagua bila kugawanya, mmoja akifariki nyumba yote inakwenda kwa aliyebaki. Wasia hauigusi, mirathi haiigusi. Mama wa marehemu hapati, watoto wa mke wa kwanza hawapati. Kama huo ndio mpango wenu, vyema. Kama mnataka mafungu ya Kiislamu yafuatwe, mnahitaji umiliki wa mafungu pamoja na wasia ulioandikwa kwa sheria ya hapa. Kimoja bila kingine hakitoshi. Na kwa akina mama: ndoa iliyofungwa hapa msikitini tu, bila kusajiliwa, sheria ya England haiihesabu kuwa ndoa. Iliyofungwa Unguja kwa sheria ya kule kwa kawaida inatambuliwa. Uliye kwenye ile ya kwanza, jina lako liwe kwenye hati, na mchango wako uandikwe. Siwafundishi kuwashuku waume zenu. Nawaeleza mahakama itakachotazama.

Mnakaribia funguo. Siku mbili kabla, mara nyingi Ijumaa, inaingia barua pepe yenye nembo ya wakili wako, jina lake na namba ya faili lako. "Akaunti yetu inakaguliwa, tafadhali tuma salio kwenye akaunti hii mpya." Kiingereza safi, hakuna kosa hata moja. Ni wezi waliokaa ndani ya barua pepe wiki nzima wakisoma. Wakili habadilishi akaunti kwa barua pepe. Siku ya kwanza chukua namba ya akaunti kwa sauti, kwa simu ya ofisi uliyoipata kwenye rejista, uiandike. Ukitaka kutuma, tuma paundi 1 kwanza, piga simu uulize kama imefika, ndipo utume iliyobaki. Na bima ya jengo ianze siku ya kubadilishana mikataba. Ukingoja funguo, jengo likiungua katikati hapo huenda hasara ikawa yako.

Baada ya funguo wakili bado ana kazi. Kwa England, fomu ya ushuru na malipo yake vifike HMRC ndani ya siku 14, kisha aombe usajili wa jina lako Masjala ya Ardhi. Usajili unaweza kuchukua miezi; usipige simu kila siku, lakini usimwache akasahau. Akikukosea, lalamika kwanza kwa ofisi yake kwa maandishi. Wiki 8 zikipita bila jibu la kuridhisha, nenda Legal Ombudsman, anayepokea malalamiko dhidi ya mawakili, huduma yake ni bure. Ukishuku wizi au udanganyifu, hiyo ni habari ya msimamizi wake, SRA au Council for Licensed Conveyancers, moja kwa moja.

Usitegemee hati ya ngozi yenye lakiri ya nta. Rejista ndiyo hati, na nakala yake ni paundi 7. Mwaka 2021 kasisi mmoja wa Luton alikuwa kikazi mbali na nyumba yake. Majirani wakampigia kwamba taa zinawaka na kuna watu ndani. Alipofika alikuta imeshauzwa na mtu aliyejifanya yeye. Sisi tunaofunga nyumba tukaenda Zanzibar miezi mitatu tulisikie hilo vizuri. Masjala ya Ardhi wana huduma ya tahadhari, jina lake Property Alert, ni bure, na unaweza kuandikisha mpaka nyumba 10, hata ya mama yako. Mtu akianza kugusa rejista, unapata barua pepe popote ulipo, hata Makunduchi. Toeni simu mjiandikishe wakati chai inapita.

Nitaanza na mama pale nyuma, ameinua mkono tangu niliposema kijumbe.